Konokono mu chupa na parseli ya Kadutu

Kila mwaka kisha matokeo ya egzame ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, kutoka, badogo ba kwetu Bukavu banaanzaka kuniandikia, yaya nataka kusoma sheria, nibakie hapa ao nitafute njia ya kuya huko Ulaya? Na bazazi banaulizaka zaidi ya batoto, juu kwetu mutoto akiingia tu mu sheria familia yote inaanza kumuita metre, jina ya heshima ya avoka (wakili), ata mwaka wa kwanza haijaisha. Niko na jibu na nataka kuitoa hapa wazi, itakuwa ndefu, munivumilie.

Kwanza mujue natokea wapi. Nilisoma gradua ya sheria Bukavu, ile ya zamani ya G1, G2, G3, mbele LMD, mupango mupya wa lisanse, mastere na doktora, ifike, kisha maisha ikanileta Uingereza na sasa niko nasoma LLB, diplome ya kwanza ya sheria, hapa Manchester, ni miaka tatu, na nilianza zero kabisa. Batu banafikiri sheria ni sawa udaktari, mufupa ya mutu wa Bukavu na ya mutu wa Manchester ni moja, unahama nayo tu. Hapana. Sheria yetu ilipitia Ubelgiji, na nyuma ya Ubelgiji iko kode ya Napoleon, ni maartikle, unafungua kitabu unatafuta namba. Huku mambo mengi inatoka mu hukumu za bajuji, juji alisema nini mwaka fulani juu ya kesi ya mutu fulani, na juji wa leo anafuata, ata Katiba habana mu kitabu moja sawa ile yetu ya tarehe 18 Februari 2006. Yenye nilijua ilinisaidia kufikiri lakini haikunipunguzia ata somo moja.

Sasa nifike ku kitu yenye inaniuma. Mu oditwari yetu, chumba kubwa ya masomo, tulikuwa bengi kupita viti, mwenye anachelewa anaandikia ku magoti ao anasimama ku dirisha, na profesere anasoma, siye tunaandika, anasoma mpaka na virgile, ile alama ya mukato. Ukiwa na bahati kunakuwa mikro. Kisha unanunua silabusi, unaishika yote mu kichwa, siku ya egzame unairudisha vile ulivyoipokea, na mwenye ameirudisha bila kupoteza neno njo anapata distinksyo. Kuuliza swali ilikuwa hatari kidogo, juu batu benyewe mu oditwari banakupigia kelele ukae, banataka somo iishe, na profesere ingine anaona sawa unamupima. Sisemi bote balikuwa vile, niko na baasistenti benye siwezi kusahau, baliotupatia akili yao yote na mushahara haujafika. Lakini njia yenyewe ya kufundisha ilikuwa ile.

Huku kunakuwa somo ya oditwari kubwa vilevile, kisha kunakuwa semina, batu kidogo mu chumba, mumesoma hukumu mbele ya kuya, mwalimu anakuuliza wewe unaona nani eko na haki? Unajibu. Anasema vizuri, sasa tetea ule mwingine. Mara ya kwanza nilikaa kimya kabisa juu hakuna mwenye alishawahi kuniomba nitetee upande yenye siamini. Na kopi ya egzame haiandikwe jina, unaandika namba tu, mwalimu anakosoa bila kujua ni ya nani. Ile peke yake inabadilisha mambo mingi, juu hauna sababu ya kuogopa kama uliuliza swali mubaya mu mwezi wa kumi na moja.

Kesi yenye banaanzaka nayo karibu kila fasi huku ni ya mama moja wa Scotland, Donoghue v Stevenson. Tarehe 26 Agosti 1928 mu muji wa Paisley rafiki yake anamununulia kinywaji ya tangawizi mu kafe, chupa ni nyeusi haionekane ndani, anakunywa, wanamimina yenye imebakia na konokono yenye imeoza inatoka. Mama anagonjwa. Shida ni kama hakununua yeye, alinunua rafiki, kwa hiyo hana mkataba na mwenye kafe wala na mwenye kiwanda, na wakati ule bila mkataba mulango ilikuwa karibu kufungwa. Kesi ilipanda mpaka ku House of Lords, korti ya juu kabisa ya wakati ule, na mu 1932 bajuji batatu juu ya babili bakasema mwenye kutengeneza kinywaji eko na wajibu kwa mutu mwenye atakunywa, ata kama hamujui. Lord Atkin, moja wa bale bajuji batatu, akasema unapashwa kuangalia jirani yako, na jirani ni kila mutu mwenye unaweza kuona mbele kama kitendo yako itamugusa.

Banafunzi benzangu balishangaa. Mi nilishangaa juu ya kitu ingine. Kwetu tuko na artikle 258 ya kode sivili, kitabu cha tatu, inatoka mu dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema kitendo yote ya mutu yenye inaletea mwingine hasara inamulazimisha mwenye kosa kuitengeneza. Sentensi moja. Haiulize nani alinunua chupa. Ile yenye Baingereza balipiganiaka mpaka 1932 sisi tulikuwa nayo mu karatasi miaka 44 mbele. Najua vizuri 1888 ni wakati wa Leopold na ile dekreti haikuandikwa juu ya kulinda babu zetu, siisahau ile, lakini leo ni sheria yetu na ni silaha ya kweli.

Na niliijua! Artikle 258 naweza kukusemea nikiwa nalala, kosa, hasara, na kamba yenye inafunga kosa na hasara. Lakini mu miaka yangu yote pale hakuna mwenye alituambia chukueni ile artikle mushuke nayo Kadutu, komine ya Bukavu. Batu ba Bukavu munajua vile tunajenga, nyumba juu ya nyumba ku mulima, mwenye eko juu anachimba anaelekeza maji yake chini, mvua inanyesha, ukuta inaangukia jiko ya jirani. Ile ni 258. Kama jengo iliharibika juu haikutunzwa ao ilijengwa mubaya kuna artikle 262 yake yenyewe. Tulikuwa banafunzi mamia mu oditwari, na naamini kila moja alikuwa na shangazi ao jirani mwenye shida kama ile, na ile shida ilibakia inje ya mulango, ndani tuko tunaandika virgile. Huku bako na konokono ya karibu miaka mia na banaigeuza kila upande mpaka leo, na siye tulikuwa na ukuta yenye ilianguka jana na hakuna mwenye aliigusa.

Parseli, viwanja vya kujenga, njo mubaya zaidi. Kila familia Bukavu iko na hadisi ya parseli yenye iliuzishwa kwa batu babili. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 iko wazi, artikle 53 inasema udongo ni ya Leta, artikle 219 inasema haki yako ku udongo inasimama na sertifika ya kuandikisha, basi. Sasa angalia batu ba Kadutu, Panzi, Bagira, bengi bako na nini mu mukono? Karatasi ya kuuza, sinyatire (sahihi) ya shefu na bashahidi, na baliilipa na jasho ya miaka. Banaamini iko imara. Na udongo ya vijiji, artikle 389 iliahidi ordonansi (amri) ya Raisi juu ya haki za batu benye banaikaa kwa desturi, na siku nilipoisoma mu G3 ile ordonansi ilikuwa haijatoka bado. Unaona vile inatosha semina ya mwaka muzima? Mupatie nusu ya banafunzi batetee mununuzi wa kwanza na nusu batetee wa pili, na mama mwenye amejenga pale mwenye hakuna mutu alimuuliza kitu. Haiombe lapotopi, haiombe intaneti, haiombe ata umeme.

Na luga. Shida inafika kwa Kiswahili ao Mashi, sheria inakaa mu Kifaransa, na mwanafunzi anafundishwa kuvuka upande moja tu. Katiba yetu yenyewe haitaki vile. Artikle 142 inalazimisha serikali isambaze kila sheria mu Kifaransa na mu luga zote ine za taifa mu siku 60. Artikle 18 inasema mutu akikamatwa anapashwa kuambiwa palepale sababu, mu luga yenye anaelewa, na polisi haiwezi kumulaza zaidi ya saa 48 bila kumupeleka kwa mwenye mamlaka ya sheria. Mbele ya 2016 kode ya familia ilikuwa inadai bibi apate ruhusa ya bwana yake juu ya kila kitendo ya sheria yenye inamufunga. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ikatoa ile ruhusa. Lakini kuna bamama Bukavu banauza sokoni, bananunua, bako na likelemba kubwa, ile ya kuchanga pesa kwa zamu, na mpaka leo ukibauliza banasema bila sinyatire ya mzee haiwezekani. Siye tunangoja nini? Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukaa ku redio nusu saa akaeleza ile artikle kwa Kiswahili, na angejifunza zaidi ya silabusi tatu.

Musifikiri sasa naimba Uingereza. Franga ya iniversite hapa England kwa mwenye anahesabiwa mutu wa hapa ilikuwa paundi 9,535 mwaka wa 2025-26, na mwenye anatoka inje mara nyingi analipa kupita mara mbili ya ile. Mwenye eko na haki anapata mukopo, na kama alianza kuanzia Agosti 2023 analipa asilimia 9 ya mushahara yenye inapita paundi 25,000, mpaka miaka 40. Ni deni ya maisha, lakini ukweli ni kama hakuna mwenye anafukuzwa ku mulango wa egzame juu hajamaliza kulipa transhi ya pili ya franga ya masomo, na kwetu nilionaka ile, nilionaka kijana mwenye akili kutupita bote anarudi nyumbani na kalamu mu mukono. Kisha 2012 bakatunga hapa sheria moja, LASPO, yenye ilikata musaada wa avoka wa bure mu mambo mingi, ya familia, ya nyumba, ya uhamiaji. Bakongomani benzetu hapa banabeba barua ya Home Office, wizara ya uhamiaji ya huku, kanisa mpaka kanisa banatafuta mwenye atabasomea.

Na kuna kitu yenye huku haiwezi kukupatia. Kwetu nikiwa G2 tayari batu balikuwa banakuya nyumbani, metre niandikie barua, metre soma hii konvokasyo (barua ya kuitwa). Nilikuwa sijui mingi lakini sheria ilikuwa na uso. Huku benzangu bengi banaota kampuni kubwa za sheria za London, mikataba ya mabenki, na bakimaliza hakuna jirani mwenye anabangoja. Avoka ba Sud-Kivu balitokea mu oditwari zile zile bila mikro, na njo balisimama mu kesi ya Kavumu, karibu na Bukavu, korti ya kijeshi ikakaa kule kule Kavumu, na mu mwezi wa 12 mwaka 2017 ikahukumu mubunge wa jimbo na batu ba kundi yake juu ya batoto benye balibakwa, ikaita ile uhalifu juu ya ubinadamu. Nikisikia Mukongomani wa diaspora anasema kwetu hakuna sheria nasikia hasira, juu bazazi ba bale batoto balisimama mbele ya bajuji na avoka ba kwetu balikuwa pembeni yao.

Basi jibu. Ukitaka kuwa avoka Bukavu, soma Bukavu. Diplome ya huku itakuomba ekivalansi, karatasi ya kusema inalingana na ya kwetu, na ata ukiipata utakuwa unajua konokono na haujui artikle 219, kisha bado staji ya miaka mbili ku baro, chama ya avoka. Ukitaka Ulaya na Kifaransa yako ni nzuri, Ubelgiji iko karibu zaidi na yenye ulisoma. Ukikuya Uingereza, kuya na nia ya kubakia na kufanya kazi huku, kuna egzame za SQE na miaka mbili ya kazi yenye inahesabiwa mbele ya kuitwa solicitor, avoka wa huku, usikuye ukifikiri utarudi metre kisha miaka tatu.

Kuna benye bataniambia, sheria gani tena, tangu M23, kundi ya baasi, iingie Goma na Bukavu mwanzo wa 2025 na kazi ya tribinali ikavurugika, mutoto asome sheria ya Leta yenye haiko? Nabaelewa. Lakini parseli ziko zinauzwa leo, batu banaoana leo, banafariki na kuacha batoto na nyumba leo, na siku moja zile karatasi zote zitafika mbele ya juji. Atahitaji batu benye balikuwa pale na benye banajua karatasi gani ni ya kutunza.

Kwa upande yangu nimeanza kutengeneza maswali ya semina, kesi za ukuta, za parseli ya batu babili, za mukopo ya likelemba, kila moja na pande mbili za kutetea, mu Kiswahili na mu Kifaransa. Asistenti ao mwanafunzi wa Bukavu, Goma ao Lubumbashi mwenye anazitaka aniandikie tu nitamutumia, na akiona nimekosea artikle anikosoe.