Wimbo unahesabiwa kabla haujasikilizwa

Watu wanapenda sana kubishana kama intaneti imeua mziki au imeuokoa, na kila nikikutana na huo ubishi naona pande zote mbili wamekosea pa kuangalia. Intaneti ni njia tu ya kufikisha sauti kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kinachobadilisha mziki, na kinachotubadilisha na sisi tunaousikiliza, ni namna wimbo unavyohesabiwa ukishafika, maana hela inafuata hesabu, msanii anafuata hela, na sisi mashabiki tunaishia kumfuata msanii huko huko alikopelekwa.

Chukua Spotify, lile jukwaa la kusikilizia mziki mtandaoni. Wimbo ukipigwa sekunde 30 tayari umehesabiwa. Ukiusikiliza mpaka mwisho machozi yakakutoka, au ukiuacha sekunde ya 31 ukahamia kwingine, kwenye hesabu ni kitu kimoja. Sasa we ni prodyuza na unalijua hilo, kweli utaacha gitaa litambe dakika nzima kabla sauti haijaingia? Ni ngumu sana, labda uwe na jina kubwa tayari. Ndo maana sa hivi nyimbo nyingi zinaanza na kiitikio moja kwa moja, ubeti wa tatu umeondoka, ile sehemu ya katikati ambapo wapiga vyombo walikuwa wanaachiwa nafasi wajimwage nayo imeondoka, mwisho unakatwa ghafla ili mtu arudie, na wimbo wa dakika mbili na kitu umekuwa jambo la kawaida kabisa, sababu wimbo mfupi ukipigwa mara mbili unaleta hesabu mbili na wimbo mrefu ukipigwa mara moja unaleta moja tu.

Kuna watakaosema hii sio mpya, na ni kweli chombo kimeamua urefu wa wimbo tangu zamani. Zile santuri za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika zilikuwa zinabeba kama dakika tatu kila upande, na wimbo wa dakika tatu tumeurithi kutoka huko. Ikaja santuri ndefu mwaka 1948 wanamuziki wakanyoosha miguu, ikaja CD mwaka 1982 albamu zikapita saa nzima. Lakini angalia tofauti yake. Santuri ilikuwa inaweka mpaka wa urefu halafu basi, haikujua kama umesikiliza au umeiweka kabatini. Ukishanunua, msanii ameshalipwa, usikilize mara moja au mara elfu. Kwa hiyo aliweza kukuandikia wimbo mgumu, wimbo ambao mara ya kwanza hauuelewi, mara ya tano unaanza kukuingia, mara ya kumi ndo unashtuka kumbe huyu mtu alikuwa anasema nini. Wimbo wa namna hiyo leo unaadhibiwa mapema sana, maana kipimo kimehamia mpaka kwenye sikio lako, kinajua sekunde uliyochoka, na taarifa hiyo inatumika kuamua kama huo wimbo apelekewe mtu mwingine au uachwe.

Mi sio adui wa intaneti hata kidogo. Nafurahi nikikumbuka mlango ulivyofunguka. Mwaka 1999 kijana mmoja anaitwa Shawn Fanning na wenzake walileta programu ya Napster, watu wakaanza kupeana mafaili ya nyimbo ya MP3 moja kwa moja, lebo, yaani kampuni za kurekodi mziki, zikaenda mahakamani na kufika 2001 ikafungwa, ila tayari watu walishaonja uhuru wa kuupata wimbo bila kumsubiri mtu auruhusu. Kule ukanda wa Saheli watu walikuwa wanarushiana nyimbo kwa bluetooth na kadi za memori za simu, mziki ukawa unavuka jangwa na mipaka ya nchi bila lebo yoyote kuugusa, na hakuna aliyekuwa anahesabu. Kule Afrika Kusini wasanii wa mwanzo wa amapiano walikuwa wanatuma nyimbo kwa WhatsApp kabla redio hazijashtuka. Mwisho wa 2018 msanii wa Marekani Lil Nas X alitoa wimbo wa Old Town Road, ambao biti yake aliinunua mtandaoni kwa dola 30 kutoka kwa prodyuza kijana wa Uholanzi, na mwaka 2019 huo wimbo ukakaa namba moja Marekani wiki 19. Mwaka 2020 kundi la marafiki Angola wakacheza Jerusalema ya Master KG na Nomcebo wa Afrika Kusini wakiwa na sahani za chakula mikononi, na dunia ilipojifungia na korona, ghafla manesi, mapolisi, watawa, wazee, watu wa mabara yote wanacheza hatua zilezile kwa wimbo wa Kizulu ambao wengi wao hawajui hata neno moja ndani yake. Hicho ndo kitu intaneti inakiweza kuliko chombo chochote kilichowahi kutengenezwa, na mtu asiniambie hakina maana.

Sasa tuje kwenye hela, hapa naomba twende taratibu kwa sababu watu wengi wanaolipia mziki kila mwezi hawajui hela yao inaenda wapi.

Wengi wanadhani ukilipa ada yako na mwezi mzima ukamsikiliza msanii mmoja tu, basi ile ada, ukitoa fungu la kampuni, inaenda kwa yule msanii wako. Haiendi hivyo kwenye majukwaa mengi makubwa. Hela za wote zinatupwa kwenye kapu moja, kampuni inachukua karibu theluthi moja, kilichobaki kinagawanywa kufuatana na nani amepigwa mara nyingi kuliko nani kwenye jukwaa zima. Tufanye jukwaa lina wateja wawili tu na wote wanalipa ada sawa. Wa kwanza anaacha mziki unapiga tu kutwa nzima anafanya shughuli zake, mwisho wa mwezi ana hesabu 1,000. Wa pili anakaa chini na mwanamuziki anayempenda, anasikiliza kwa makini, mwisho wa mwezi ana hesabu 50. Jumla ni 1,050. Yule mwanamuziki wa mteja wa pili anapata mgao wa 50 kati ya 1,050, hiyo haifiki hata asilimia 5 ya kapu, wakati nusu ya hela yote iliyomo imetoka kwa shabiki wake! Sehemu kubwa ya hela ya huyu dada aliyekaa akasikiliza kwa moyo imeenda kulipia kelele za nyuma za mtu mwingine. Na hata hicho kidogo bado kinapitia kwa lebo, kwa msambazaji, kwa wenye haki za utunzi, ndo kimfikie aliyeimba.

Ukishaelewa hilo kapu, mambo mengi yanayoonekana ya ajabu kwenye mziki wa sasa yanaeleweka yenyewe. Kwa nini kuna orodha zisizo na mwisho za mziki wa kulala, wa kusomea, wa kutulia? Kwa sababu zinapiga masaa nane mfululizo na hakuna anayeruka wimbo. Kwa nini watu walikuwa wanapakia sauti za mvua zilizokatwa vipande vifupi vifupi? Kwa sababu kila kipande kilichovuka sekunde 30 kilikuwa kinalipwa sawa na wimbo ambao mtu ameutungia miaka miwili, mpaka Spotify mwaka 2024 wakaweka sharti sauti za namna hiyo zifike angalau dakika mbili ndo zihesabiwe. Mwaka huohuo wakaweka na sharti lingine kwamba wimbo lazima ufikishe mara 1,000 ndani ya miezi 12 la sivyo haupati chochote, na hapa ndo naumia zaidi, maana msanii mchanga mwenye wasikilizaji mia tatu wanaompenda kweli amewekwa fungu moja na matapeli wa sauti za mvua.

Halafu ikaingia akili bandia. Deezer, jukwaa la Ufaransa, walisema Septemba 2025 kwamba wanapokea nyimbo zaidi ya 30,000 kila siku zilizotengenezwa na mashine tupu, zaidi ya robo ya nyimbo zote zinazoingia, na kwamba usikilizaji wa hizo nyimbo kwa sehemu kubwa ni wa udanganyifu. Marekani, Septemba 2024, waendesha mashtaka walimfikisha mtu mmoja mahakamani wakidai alitengeneza mamia ya maelfu ya nyimbo kwa akili bandia, akatengeneza na wasikilizaji feki wa kuzipiga mara mabilioni, akavuna zaidi ya dola milioni 10. Yaani mashine inaimba, mashine inasikiliza, na hela inatoka kwenye kapu lilelile la wanaoimba kwa koo zao. Na mtu akikwambia hilo ni tatizo la teknolojia mkatalie. Ni tatizo la kapu. Kama hela yangu ingekuwa inaenda kwa ninaowasikiliza mimi tu, mashine elfu kumi zikipiga wimbo usiku kucha zisingegusa hata senti yangu.

Upande wa jamii ndo unaonikosesha amani zaidi. Zile namba zilikuwa za ofisini huko, za wahasibu, sasa ziko wazi chini ya kila video na zimekuwa ndo hoja. Mwaka 2012 Gangnam Style ilikuwa video ya kwanza kufikisha watazamaji bilioni moja YouTube, na miaka miwili baadae YouTube wakasema imebidi wapanue kihesabu chenyewe maana video ilikuwa inapita 2,147,483,647, ukomo wa namba ambayo mfumo wao ulikuwa unaibeba. Tokea hapo ni kama tumekubaliana kwamba namba ndo ushahidi. Mtu akikuuliza kwa nini unampenda msanii flani ukaanza kumwelezea sauti yake, uandishi wake, anavyokaa nyuma ya mdundo, anakukatiza na kukuuliza ana watazamaji wangapi. Kuna mashabiki wanapanga zamu, kweli kabisa, wanapeana ratiba ya kuacha simu zikipiga wimbo usiku wamelala ili msanii wao ampite wa wenzao asubuhi. Wanafanya kwa upendo, siwalaumu, wengi ni vijana wadogo na wameambiwa hivyo ndo kumuunga mkono mtu. Lakini masaa yote hayo hakuna aliyesikiliza. Ugomvi, matusi, makundi, yote juu ya namba ambayo inaweza kununuliwa.

Na wasanii nao wamechoka. Zamani mtu aliambiwa nenda kafanye mazoezi ya sauti, sa hivi anaambiwa na lebo yake atoe vipande vya sekunde 15 kila siku, acheze, achekeshe, aonyeshe anachokula, na wimbo wenyewe uwe na sehemu moja ya kukatwa. Wengine ni watunzi wa hali ya juu lakini ni watu wa aibu, hawawezi kusimama mbele ya kamera wakajiuza, na hao ndo tunaowapoteza kimya kimya bila hata kujua kwamba walikuwepo. Mwisho wa 2023 kampuni ya Luminate ilihesabu nyimbo milioni 184 kwenye majukwaa, na milioni 45.6 kati ya hizo hazikupigwa hata mara moja mwaka ule. Mlango wa kutoa wimbo uko wazi kweli, wa kusikika bado una mlinzi, ila mlinzi wa zamani ulikuwa unaweza kumsubiri nje ya redio ukamwomba asikilize kanda yako, huyu wa sasa ni algorithimu, yaani programu ya kompyuta inayoamua nani apelekewe wimbo gani, hana uso, huna pa kumkuta.

Kapu linaweza kubadilishwa na tayari kuna waliojaribu. Jukwaa la SoundCloud mwaka 2021 walianza kuwalipa wasanii huru kwa kufuata kila msikilizaji mmoja mmoja, hela yako inaenda kwa uliowasikiliza. Najua jibu la upande wa pili, na ni jibu zito. Mwaka huohuo Ufaransa, taasisi ya Centre national de la musique ilipiga hesabu ikaona kwamba mfumo huo ungewapunguzia wakubwa kabisa, ungeipa zaidi mziki kama wa kiklasiki, ungeipunguzia rap, lakini wasanii wa chini kabisa wangeongezewa kiasi kidogo sana, euro chache kwa mwaka. Sawa, nakubali, hautawatajirisha wadogo. Ila hizo hesabu zilipigwa kwa mziki na tabia zilizokuwepo tayari, tabia zilizotengenezwa na kapu lenyewe kwa zaidi ya miaka kumi. Mtunzi akijua kwamba mtu mmoja anayemsikiliza kwa makini ana thamani sawa na mtu anayeacha simu ikipiga kutwa, ataandika tofauti. Hata sekunde 30 zitaacha kuwa na nguvu hiyo, kwa sababu kukuibia sikio mara nyingi hakutampa zaidi ya ile ada yako moja.

Wakati tunasubiri hilo kuna jambo dogo majukwaa yanaweza kulifanya kesho asubuhi. Kila mwisho wa mwaka yanatuletea picha za rangi nzuri zinazotuambia tumesikiliza dakika ngapi, msanii gani tumempiga sana, wimbo gani umetushika, na watu tunazishea kila kona kwa furaha. Taarifa zote wanazo. Waongeze mstari mmoja tu hapo chini: ada uliyolipa mwaka huu ni kiasi hiki, na huyu unayempenda kuliko wote kimemfikia kiasi hiki.