Mwambieni mteja kuwa hahitaji blokicheni

Wiki iliyopita nilikaa saa nzima nikiwasikiliza wanafunzi wanne wa klabu ya blokicheni ya chuo kikuu wakiishauri taasisi moja inayotoa mafunzo ya muda mfupi. Taasisi ina shida moja tu: vyeti vyake vinaghushiwa. Vijana walikuja wamejiandaa vizuri na pendekezo lao likawa kwamba kila cheti kiingizwe kwenye blokicheni ya taasisi yenyewe, yaani daftari la kidijitali ambalo nakala zake hutunzwa kwenye kompyuta kadhaa kwa pamoja.

Nikauliza nodi zake nne, yaani kompyuta zinazotunza nakala hizo, zitaendeshwa na nani.

"Na taasisi," akajibu msemaji wao.

"Zote nne?"

"Ndiyo, zote nne."

Jibu hilo halijanitoka mpaka leo. Blokicheni ilibuniwa kwa ajili ya watu wasioaminiana, wanaotaka kuandika kwenye daftari moja bila kumwachia yeyote kati yao kulishika peke yake. Ndiyo maana sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, tangu bloku (fungu la rekodi) yake ya kwanza ya Januari 3, 2009, imekubali kulipia gharama ya umeme mwingi na miamala ya polepole. Sasa nodi nne zikiwa chini ya bosi mmoja na fundi mmoja, anayetaka kuchezea rekodi atazichezea zote nne. Kilichobaki hapo ni hifadhidata yenye nakala nne, ghali zaidi na ngumu zaidi kuitunza. Tena karani akiingiza jina la mtu ambaye hakukanyaga darasani, blokicheni itautunza uongo huo miaka nenda miaka rudi. Walichohitaji wale watu ni sahihi ya kidijitali kwenye kila cheti, yaani alama ya kihesabu inayothibitisha kwamba kimetolewa na taasisi na hakijabadilishwa, na ukurasa ambapo mwajiri anaweza kukihakiki. Basi.

Sisemi vijana peke yao ndio wanaokosea. Kampuni ya meli ya Maersk na ile ya kompyuta ya IBM walizindua TradeLens, mfumo wa blokicheni, mwaka 2018 kwa ajili ya kufuatilia makontena, na Novemba 2022 wakatangaza kuifunga kwa sababu ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana. Mwezi huohuo soko la hisa la Australia, ASX, lilisimamisha mradi wake wa kuhamishia kwenye teknolojia ya blokicheni mfumo wa CHESS, unaosajili miamala ya hisa, na kufuta vitabuni kama hasara takriban dola milioni 250 za nchi hiyo. Kampuni zenye wahandisi na wanasheria wa kila aina zilipita njia hiyo, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anatumwa kuipendekeza tena baada ya muhula mmoja wa kujifunza!

Mwamba ngoma huvutia kwake, na klabu iliyobeba jina la blokicheni itaiona blokicheni kila mahali. Hilo nalielewa. Lakini hawa ndio washauri pekee ambao hawana mishahara ya kulipa wala hisa za kulinda. Wakisema "hapana", hakuna anayelala njaa. Uhuru huo ni mtaji mkubwa, na inaniuma kuona unatupwa kwa ajili ya mstari mmoja kwenye wasifu wa kazi. Klabu inayofadhiliwa na kampuni ya sarafu za kidijitali, hiyo nayo imwambie mteja hilo mapema kabla hajafungua kinywa.

Nakubali kwamba bila mteja halisi mwanafunzi hujifunza nusu. Miradi iendelee, ila ianze na swali: nani hamwamini nani?

Upande wa elimu sina ugomvi nao kabisa. Katika Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, wanafunzi wamefundisha wenzao kozi nzima ya blokicheni. Katika chuo cha MIT, huko huko Marekani, mwaka 2014, wanafunzi wawili walichangisha fedha ili kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza apewe Bitcoin ya dola 100, na zaidi ya 3,000 wakajitokeza kuchukua. Mimi mwenyewe niliwahi kuketi nyuma ya darasa la klabu jioni moja. Binti aliyekuwa akifundisha aliandika sentensi fupi, akaipitisha kwenye SHA-256, kanuni ya kihesabu inayogeuza maandishi yoyote kuwa mfuatano wa urefu uleule, herufi na tarakimu 64 zikatokea ukutani. Akafuta nukta ya mwisho, akaweka mkato. Mfuatano wote ukageuka. Darasa likanyamaza, kisha kijana mmoja wa mbele akasema taratibu, "Kumbe." Neno hilo moja lina thamani kuliko ripoti ya kurasa arobaini.

Baada ya kile kikao, mmoja wa wale wanne, ambaye hakuwa amesema kitu muda wote, alinifuata mlangoni.

"Samahani, naomba dakika moja. Kulikuwa na slaidi nyingine. Niliandika kwamba sahihi ya kidijitali inawatosha, wenzangu wakasema tuitoe, mteja atadhani hatujafanya kazi."

Nikamwomba anitumie. Ilifika usiku uleule, ukurasa mmoja, mistari sita, na mchoro aliouchora kwa mkono na kuupiga picha. Asubuhi nikamwandikia arudi nayo kwa mkurugenzi, na nikamwahidi kwamba nitakuwa nimeketi pembeni yake.