Matone ya macho hayapimi ubongo

Kuna watu wanaamini mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia akidondoshewa dawa ya macho na mboni ikacheza, basi ubongo bado uko hai. Hili napingana nalo kabisa, tena linaniuma, kwa sababu ndugu waliokaa nje ya ICU wakisikia kitu kama hicho wanakishikilia kwa mikono miwili.

Dawa kama pilokapini haihitaji ubongo, yenyewe inaushika msuli wa mboni palepale jichoni, na ule msuli uko hai mradi moyo unadunda na hewa inaingia, kwa hiyo mtu ubongo umeshakufa na mboni inasinyaa vizuri tu. Hata wachunguzi wa maiti wametumia dawa za macho kukadiria mtu kafariki saa ngapi, maana mboni huendelea kuitikia dawa masaa kadhaa baada ya kifo!

Mwanga ndo tofauti. Daktari akimulika tochi, taarifa inapita neva ya pili (ile ya kuona) mpaka shina la ubongo, sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, halafu inarudi kwa neva ya tatu (inayoamuru mboni) ndo mboni inasinyaa. Shina likifa, mboni inabaki wazi, milimita 4 hadi 9, umulike utakavyo.

Ila mimi kinachonitisha zaidi ni dawa kudanganya upande wa pili, ubongo mzima uonekane umekufa. Mtu kawekewa atropini (dawa ya kutanua mboni) apimwe macho, au anavuta mvuke wa ipratropiamu (dawa ya kufungua njia za hewa) kwa maski na dawa ikavujia jichoni, mboni inatanuka na kugomea mwanga na ubongo wala hauhusiki. (Atropini ya sindano kwa dozi ya kawaida haifanyi hivyo.) Hapo pilokapini ya asilimia 1 inasaidia kujua chanzo, na jibu lake ni kinyume na wengi wanavyodhani: mboni iliyotanuliwa na atropini haisinyai, ila kama tatizo ni neva ya tatu inasinyaa. Yaani ile iliyoitikia dawa ndo ya kuitilia wasiwasi.

Kwa hiyo madaktari waulize kila familia, na familia msisubiri kuulizwa, semeni kama mgonjwa alikuwa anatumia matone, kama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kama jicho moja ni la bandia. Halafu ombeni mwelezwe vipimo vyote vya kifo cha ubongo, kuanzia kukohoa akiguswa ndani ya koo mpaka kile cha kupumua, ambapo mashine inaachishwa huku oksijeni inaendelea, na kabonidayoksaidi kwenye damu inaachwa ipande hadi 60 mmHg (kipimo cha shinikizo) waone kama atavuta pumzi mwenyewe.