Uchaguzi wa Marekani, usingizi wangu mimi

Jamani hii kero ya kila miaka 4 mnaivumiliaje? Jirani yangu diwani wa kata yetu hamjui hata kwa sura, ila jimbo la Pennsylvania lina kura 19 za wajumbe wanaomchagua rais anajua, na usiku wa matokeo TV inafunguliwa mpaka mwisho maana vituo vya kupigia kura vya huko vinafungwa kwetu ikiwa saa kumi alfajiri, basi ni makelele tu ukutani. Halafu kijiweni asubuhi ndo balaa, watu wanakaribia kukunjana mashati kwa ajili ya Trump ambaye hata Buza yetu hapa Dar haijui! Ukiwaambia mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura nyingi kumzidi Trump, kama milioni 3 hivi, na bado akashindwa kwa sababu kinachotakiwa ni zile 270 za wajumbe, wanakuangalia kama umelewa. Wakenya 2008 nawaelewa, Obama baba yake Mkenya na rais wao Kibaki akawapa na mapumziko kabisa Novemba 6. Sisi huku hata hiyo mapumziko hatupewi, nimeenda kazini macho mekundu na bosi anauliza nilikuwa wapi jana.