Kichwa cha Machi na adabu ya kuuliza

Kyoko Machi ni msichana wa sekondari nchini Japani ambaye kichwa chake hakikushikamana na mwili. Asubuhi hukipakata kama mtu apakatavyo mtoto mchanga, hukiingiza darasani, hukiweka juu ya dawati kielekee ubaoni, na mahali ambapo shingo ingeendelea huwaka mwali wa moto. Wanafunzi wenzake ni watu waliolelewa vizuri. Hawamchokozi wala hawamnyooshei kidole, na kwa sababu ya heshima hiyohiyo hawalitaji kamwe jambo la kichwa, hata linapokuwa limekaa mbele yao likiwatazama. Ndiyo maana Machi anaishi nao kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni ambaye kila mtu anamhudumia na hakuna anayeongea naye.

Kisa hicho kimo katika Demi-chan wa Kataritai, manga ya msanii anayejiita Petos, ambayo ilianza kutoka mwaka 2014 katika jarida la Young Magazine the 3rd la kampuni ya Kodansha, ikafikia juzuu 11, na mwaka 2017 ikageuzwa na studio ya A-1 Pictures kuwa katuni ya televisheni yenye vipindi 12. (Nasema manga kwa maana ya hadithi za picha za Kijapani, si Manga ile ya Maskati iliyotupatia pilipili manga na komamanga, bibi yangu aliposikia kwamba nasoma manga alifurahi kwa dakika nzima kabla sijamwonyesha kitabu chenyewe.) Jina la Kijapani lina maana ya kwamba Demi anataka kusimulia. Wachapishaji wa Kiingereza walilibadilisha likawa mahojiano na wasichana mazimwi, na katika badiliko hilo naona kosa dogo lenye uzito, kwa kuwa katika jina la kwanza mwenye shauku ya kusema ni msichana mwenyewe, ilhali katika la pili mwenye shauku ni yule aliyeshika kinasa sauti.

Ulimwengu wa hadithi hii unafanana na wetu karibu kwa kila kitu, isipokuwa kwamba watu wachache huzaliwa na asili ambayo sisi tunaijua kwenye ngano tu. Neno rasmi la Kijapani kwa watu hao ni ajin, lakini wasichana wenyewe hulikwepa na kujiita demi, kwa kuwa linapendeza zaidi masikioni mwao. Zamani waliteswa. Siku hizi sheria inawalinda na serikali ina utaratibu wa kuwasaidia katika maisha, kiasi kwamba Hikari Takanashi, ambaye ni mnyonya damu, hupata pakiti moja ya damu kila mwezi na siku zinazobaki hujikimu kwa maji ya nyanya. Msomaji wa pwani yetu hawezi kuipita pakiti hiyo bila kukumbuka mumiani. Katika uvumi uliotapakaa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, damu ilitoka kwa mnyonge ikaenda ofisini, na kwa miaka mingi watu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliwaogopa hata wazimamoto kwa dhana kwamba gari lao jekundu lilikuwa la kukusanyia damu. Hapa damu inatoka ofisini, ina lebo na ratiba, na anayeipokea ni msichana mvivu asiyependa kuamka asubuhi. Nilicheka sana, kisha nikakaa nikifikiri ni hofu kiasi gani ingezimika laiti mambo ya damu yangewekwa wazi kwa urasmi wa kuchosha namna hiyo.

Anayewaunganisha wasichana hawa ni Tetsuo Takahashi, mwalimu wa biolojia, ambaye alipokuwa chuo kikuu alitamani kuandika utafiti wake juu ya demi asimpate hata mmoja wa kuzungumza naye, na ambaye mwaka mmoja, bila kutazamia, anajikuta katika shule yenye wanafunzi watatu wa aina hiyo na mwalimu mwenzake mmoja. Angeweza kuwa mtu wa kuchukiza, mtafiti aliyepata panya zake. Kinachomwokoa ni namna anavyouliza. Hauanzi udadisi wake kwenye asili ya mtu bali kwenye shida ya leo: unapandaje ngazi ukiwa umeshika kichwa mikononi, jua likichoma unajisikiaje, chakula kinachotafunwa na kichwa kilicho huku kinalifikiaje tumbo lililo kule. Swali hilo la mwisho linampeleka hadi kwa rafiki yake wa fizikia, na sitalisimulia jibu lake, isipokuwa niseme kwamba mtunzi analichukulia kwa umakini kuliko nilivyodhani katuni ya kuchekesha ingethubutu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa beseni. Yuki Kusakabe ni mwanamke wa theluji, yuki-onna, msichana mpole anayejitenga na wenzake kwa sababu siku moja akiwa anaoga aliona vipande vya barafu majini na akaamini kwamba mwili wake unaweza kumdhuru mtu bila yeye kukusudia. Amelibeba jambo hilo moyoni bila kumwambia mtu, na wenzake wakatafsiri ukimya wake kuwa ni maringo. Takahashi hamfariji kwa maneno matamu. Anamwekea maji ya moto kwenye beseni, anamwomba atumbukize miguu, anaongea naye mambo yanayomkera, kisha wote wawili wanatazama barafu inavyojitokeza. Inabainika kwamba ni jasho lake la hofu linaloganda, kwamba halimwumizi mtu yeyote, na kwamba akitulia halitoki. Huo ni uchunguzi wa kisayansi unaofanywa kwa beseni na birika, na umemtibu binti wa watu.

Uzito wa tukio hilo unaonekana vizuri zaidi kwa anayejua yuki-onna ametoka wapi. Katika simulizi maarufu iliyoandikwa na Lafcadio Hearn mwaka 1904, mwanamke wa theluji anamwua mkata kuni mzee kwa pumzi yake na kumwacha hai kijana Minokichi kwa sharti moja, kwamba asimsimulie mtu yeyote alichokiona. Miaka inapita, Minokichi anaoa msichana mweupe aitwaye O-Yuki, wanazaa watoto 10, na usiku mmoja, akimtazama mkewe akishona karibu na taa, anajisahau na kusimulia. Mke anasimama, anafichua kwamba alikuwa ni yeye, anamwachia watoto na kuyeyuka kama ukungu. Hatuhitaji kwenda Japani kuijua hadithi ya namna hiyo. Sisi pia tumekuzwa na visa vya mtu aliyeoa jini, akapewa mali na mwiko, na siku aliyoutamka mwiko akaamka peke yake kwenye mkeka. Katika ngano hizo zote, nyumba husimama kwa ukimya na kuvunjwa na neno. Petos amechukua kiumbe yuleyule akaigeuza kanuni juu chini: Kusakabe anaangamia akiwa amenyamaza, na anaanza kuishi siku anaposema. Ndiyo sababu neno la kusimulia lililo kwenye jina la kitabu si pambo.

Kuna pia Sakie Sato, mwalimu wa hesabu, ambaye ni yule Wazungu wa kale walimwita succubus na ambaye mtaani kwetu angetambuliwa mara moja kuwa jini mahaba. Kwetu jini mahaba ni mkorofi aingiaye ndotoni na kumfungia mtu ndoa. Sakie anavaa suti ya michezo iliyomzidi, anafunga nywele, anapanda treni ya alfajiri kabla watu hawajajaa na kurudi na ya usiku sana ili asimguse mtu kwa bahati mbaya, na anaishi katika nyumba iliyo mbali na majirani kwa sababu akilala huwaletea ndoto. Hajawahi kupenda, kwa kuwa hawezi kujua kama anayempenda anampenda yeye au amelewa tu harufu ya asili yake. Mchekeshaji mwingine angemfanyia mzaha wa mavazi. Petos anatuonyesha ratiba ya treni. Kichekesho kinatokana na usumbufu wa kila siku, na mtu yeyote aliyewahi kupanga maisha yake yote kukwepa macho ya watu atakitambua kabla hajacheka.

Nina sababu yangu ya kukigandia kitabu hiki. Nilifundisha biolojia na kemia kwa miaka 7, na katika darasa langu moja alikuwamo kijana mwenye mkono mmoja. Nilijiona mwalimu mwenye utu kwa sababu mwaka mzima sikuutaja mkono wake. Tulipofika kwenye lile zoezi la maabara ambalo mkono mmoja hufungua koki ili tindikali idondoke tone kwa tone, na mwingine hutikisa chupa iliyo chini, nilimpa kazi ya kuandika majibu ya kikundi, nikadhani nimemstahi. Siku moja baada ya kipindi nilimkuta amebaki peke yake. Alikuwa ameifunga koki kiasi cha kutoa tone moja kila baada ya sekunde chache, na chupa anaizungusha taratibu kwa mkono wake huohuo, akihama kutoka juu kwenda chini bila haraka. Jibu lake lilikuwa sahihi kuliko la kikundi. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia kwamba anaweza. Akanijibu kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu, hukuniuliza," na salamu ile iliyowekwa mahali pasipo pake ilinichoma kuliko lawama.

Kwa hiyo Machi anapokaa kati ya wenzake wenye adabu, najua mimi ningeketi dawati gani. Anayeuvunja ukimya wao ni Hikari, asiye na staha ya kutosha kunyamaza, anayesema kichwa ni kichwa na kuanza kukifanyia utani. Sisemi kwamba kila udadisi ni wema. Kitabu chenyewe kinalijua hilo, na ndiyo maana makamu mkuu wa shule anamwita Takahashi na kumweleza kwamba wasichana wale wamemzoea yeye peke yake kiasi kwamba wanafunzi wengine wamekosa nafasi ya kuwazoea. Takahashi anaumia kwa sababu mzee yule amesema kweli. Mwalimu huyohuyo ana wazo ambalo ningelitundika kwenye ofisi ya walimu: kwamba ukiangalia asili ya udemi pekee unampoteza mtu, na ukiangalia utu wake pekee unazipoteza taabu zake. Mimi nilikuwa bingwa wa hilo la pili.

Somo hili lina upande mwingine mzito, na nitaligusia kwa tahadhari. Petos amewachukua viumbe wa ngano na kuwafanya wanafunzi. Katika nchi yangu, hasa Kanda ya Ziwa katika miaka ya 2000, tuliwachukua wanafunzi na wakulima na mama wa watoto tukawafanya viumbe wa ngano. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba watu wenye ualbino hawafi bali hutoweka, na waliouamini uongo huo walitafuta viungo vyao kwa mapanga. Uongo ulidumu kwa kuwa wengi wetu hatukuwa tumewahi kukaa na mtu mwenye ualbino tukazungumza kuhusu kofia, mafuta ya kuzuia jua na ubao usiosomeka ukiwa umekaa nyuma. Simlinganishi mtu na zimwi la katuni. Nalinganisha vitendo viwili, na nasema kwamba cha msanii huyu ndicho kilichofuata njia sahihi.

Manga hii ina kasoro ambazo sitazifunika. Wote wanaohojiwa ni wasichana na wote wamechorwa warembo, kana kwamba babu mnyonya damu mwenye kibiongo asingekuwa na lake la kusimulia. Baya zaidi ni mapenzi ya wanafunzi kwa mwalimu wao, ambayo mtunzi anayachekea kwa upole nisioweza kuushiriki. Yako matukio ya kukumbatiana, na siku moja ya mapumziko Takahashi anatoka matembezini na kichwa cha Machi huku mwili umebaki nyumbani. Mtunzi anaona kichekesho. Mimi, niliyefundishwa na wakubwa wangu kazini kuuacha mlango wa ofisi wazi kila ninapozungumza na mwanafunzi, namwona mwalimu aliyepaswa kuitwa na bodi ya shule. Mwalimu huyu hana nia mbaya, lakini hadithi inayotaka tuzichukulie taabu za wasichana hawa kwa uzito ingepaswa kuuchukulia hivyohivyo mpaka huo.

Hata hivyo nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma na mpwa wangu wa kidato cha kwanza, ambaye hakujali ngano za Waayalandi, walikotoka mpanda farasi asiye na kichwa na kwa hiyo Machi mwenyewe, wala falsafa ya mwalimu. Alipofika mwisho wa juzuu la kwanza aliuliza jambo moja tu: Machi akipanda daladala saa 12 asubuhi, konda atatoza watu wangapi? Tulibishana jioni nzima. Mimi nilishika kwamba kichwa kimepakatwa na kinachopakatwa hakilipi. Shangazi yake akasema konda wa njia yetu angekiita mzigo. Mpwa wangu anashikilia kwamba kichwa ndicho chenye kitambulisho cha shule, kwa sababu picha ni ya uso, na kwa hiyo nauli ya mwanafunzi inalipwa na kichwa, ilhali mwili, usipokuwa na kitambulisho, utalazimika kulipa nauli ya mtu mzima.