Ubingwa wa Afrika wa Taekwondo Una Uzee Wake

Mpiganaji akirudi nyumbani na medali ya ubingwa wa Afrika wa taekwondo, mchezo wa kupigana wa Kikorea unaotegemea zaidi mateke, swali la kwanza analokutana nalo ni hili: "Kwa hiyo umefuzu Olimpiki?" Akisema hapana, uso wa aliyeuliza unapoa palepale. Pongezi zinapungua sauti. Nimelisikia swali hilo mara nyingi, hata kutoka kwa watu wanaofunga mkanda mweusi, na kila nikilisikia linaniuma. Tumezoea kuyaona mashindano haya kama ngazi ya kupandia, na ngazi ukishafika juu huikumbuki tena.

Nawaomba wasomaji wangu tuangalie tarehe, maana tarehe zenyewe zinatetea hoja yangu kuliko ninavyoweza kuitetea mimi.

Ubingwa wa Afrika ulipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1979, Abidjan, nchini Côte d'Ivoire. Shirikisho la dunia lilikuwa na umri wa miaka sita tu wakati huo, kwa kuwa liliundwa Seoul mwaka 1973, mwaka uleule wa ubingwa wa kwanza wa dunia. Asia walianza ubingwa wao 1974, Ulaya 1976 kule Barcelona, mabara ya Amerika 1978 huko Mexico City. Halafu sisi, 1979. Yaani Ulaya, pamoja na viwanja na fedha zake zote, ilitutangulia kwa miaka mitatu.

Sasa linganisha na Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua mchezo huu mwaka 1980. Ukaonyeshwa bila medali rasmi Seoul 1988 na Barcelona 1992, na medali kamili zikaja Sydney 2000. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya mashindano ya Abidjan alikuwa na miaka kama 21 Sydney ilipofika. Wale waliopanda mkekani mwaka 1979 hawakuwa wanatafuta tiketi ya kwenda popote. Tiketi hiyo haikuwepo! Walisafiri kwenda kujua nani bora barani, wakapigana, wakajua. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya mashindano, na kwangu mimi inatosha.

Kwa nini Abidjan? Kwa sababu kulikuwa na mwalimu. Kim Young-tae, Mkorea, alifika Côte d'Ivoire mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuanza kufundisha, na hadi leo Waivori wanamtaja kama baba wa taekwondo yao. Miaka kumi hivi ya kufundisha ikazaa nchi yenye uwezo wa kuwaita wenzake wa bara zima nyumbani kwake. Mwaka 1987 mchezo huu ukawa pia kwenye Michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi, na hapo watu wengi wa ukanda wetu wakaona kwa macho yao kwamba mateke yale ya juu si sinema.

Matunda ya muda wote huo yalionekana kwenye Olimpiki ya Rio, tarehe 19 Agosti 2016, na hapa lazima nikae kidogo.

Fainali ya wanaume wa kilo 80. Cheick Sallah Cissé wa Côte d'Ivoire dhidi ya Lutalo Muhammad wa Uingereza. Raundi ya tatu inaisha, ubao unasoma 6 kwa 4, Mwingereza anaongoza. Imebaki sekunde moja. Mtu aliyewahi kupigana anajua sekunde moja ikoje ukiwa nyuma: miguu mizito, kifua kinawaka, na mwili wenyewe unakuambia basi. Cissé akageuka, akampa mpinzani mgongo kwa kitambo kidogo, kisigino kikazunguka na kufika kichwani. Kwa kanuni za wakati ule, teke la kuzunguka likifika kichwani lilikuwa na alama nne. Ubao ukabadilika: 8 kwa 6. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Côte d'Ivoire. Siku hiyohiyo Ruth Gbagbi alikuwa amechukua shaba kwenye kilo 67 za wanawake. Kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa na medali moja tu ya Olimpiki katika historia yake yote, fedha ya Gabriel Tiacoh kwenye mita 400 mwaka 1984.

Nimelirudia teke hilo kwenye video mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kinachonigusa ni uamuzi wake kuliko hata kasi yake. Mtu hageuzi mgongo mbele ya mpinzani katika sekunde ya mwisho kama hajawahi kufanya hivyo mara elfu, na kama hajakulia mahali ambapo wakubwa zake walimfundisha kwamba pambano halijaisha mpaka mwamuzi aseme. Mahali hapo pana historia inayoanzia 1979.

Na si Côte d'Ivoire peke yake. Gabon haikuwa na medali ya Olimpiki ya mchezo wowote mpaka Anthony Obame alipopata fedha London 2012, baada ya sare ya 9 kwa 9 na Carlo Molfetta wa Italia kuamuliwa na waamuzi. Niger ilikuwa imekaa tangu 1972 na shaba moja ya ndondi, mpaka Abdoulrazak Issoufou Alfaga alipoleta fedha kutoka Rio. Firas Katoussi wa Tunisia akachukua dhahabu Paris 2024. Orodha ni ndefu, Wamisri nao wamo humo tangu Athens 2004. Lakini naona nimeanza kufanya kilekile ninachokilalamikia: nataka kuupa ubingwa wa Afrika heshima kwa kuhesabu medali za Olimpiki. Nirudi kwenye mkeka wetu.

Kuna jambo la mizani ambalo wengi hawalijui. Kwenye ubingwa wa bara kuna madaraja nane ya uzito kwa wanaume na nane kwa wanawake. Kwenye Olimpiki ni nne kwa nne. Nusu nzima inatoweka. Mwanamke wa kilo 62 ni mpiganaji kamili Afrika na duniani, lakini akitaka Olimpiki itabidi ashuke mpaka 57, ambako atajinyima chakula na maji mpaka macho yaingie ndani, au apande 67 akutane na wasichana waliomzidi urefu wa mguu. Ruth Gbagbi huyohuyo wa shaba ya kilo 67 alikuwa bingwa wa dunia wa kilo 62 mwaka 2017. Basi niambieni, mchezaji wa kilo 62 anayetwaa ubingwa wa Afrika katika mwili wake mwenyewe, bila kujikausha wala kujishindilia chakula, kapata kitu pungufu? Mimi nasema kapata kitu ambacho Olimpiki haina uwezo wa kumpa.

Tena tofauti ya roho ya mashindano inaonekana. Mashindano ya kufuzu Olimpiki yana hesabu yake: katika kila uzito Afrika inapewa nafasi mbili, kwa hiyo wote wawili wanaofika fainali wanafuzu. Ndiyo maana kule nusu fainali ndiyo fainali. Utaona mtu akishinda nusu fainali anapiga magoti na kulia, halafu fainali yenyewe inapiganwa kwa tahadhari, kila mmoja analinda goti lake. Faith Ogallo wa Kenya alipata nafasi yake ya Tokyo kwa njia hiyo, kule Rabat, Februari 2020, na tulishangilia sana, na tulikuwa na haki. Lakini ubingwa wa Afrika hauna mahali pa kupumzikia. Wa pili ni wa pili. Fainali inapiganwa mpaka kengele ya mwisho, na anayetaka kuona taekwondo ya Kiafrika ilivyo kweli aende akaitazame pale.

Kinachonisikitisha ni jinsi tunavyotunza kumbukumbu za mashindano haya. Ukitaka kujua nani alishinda nini Rio, dakika moja inakutosha. Ukitaka matokeo ya Afrika ya miaka ya mwanzo, uzito kwa uzito, jiandae kuhangaika. Miji ya karibuni inatajika kwa urahisi: Tunis 2014, Port Said 2016, Agadir 2018, Dakar 2021, Kigali 2022, kisha 2023 mashindano yakarudi kwao Abidjan. Lakini mabingwa wa zamani wako wapi? Baadhi yao leo ni walimu wenye mvi wanaofundisha watoto jioni, na watoto wenyewe hawajui kwamba mzee anayewashikia pedi aliwahi kusimama kwenye jukwaa la bara.

Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wa vyama vya mchezo huu, kuanzia ngazi ya taifa. Chapisheni majina. Kila mwaka, kila uzito, wote wanne waliopanda jukwaani, maana shaba huwa mbili. Wazee wangali hai, waulizeni sasa. Na ninyi walimu, kabla hamjafungua begi la vifaa vya kinga jioni ya leo, waambieni wanafunzi wenu Abidjan ni wapi na 1979 kulitokea nini.

Nami nimeanza na daftari langu. Ukurasa wa kwanza nimeuandika mwaka huo na mji huo, chini yake nimechora mistari, na nimeshapanga Jumamosi hii kwenda kumwona mwalimu wangu wa kwanza na kalamu mkononi.