Chaki ya wapinzani, rangi ya serikali

Tarehe 1 Agosti 2020, jijini Washington, polisi waliwakamata vijana wawili kwa kuandika kwa chaki kwenye njia ya waenda kwa miguu, mbele ya kliniki ya Planned Parenthood, shirika la afya ya uzazi linalotoa pia huduma za utoaji mimba. Maandishi yao yalipinga utoaji mimba: yalisema maisha ya watoto weusi ambao hawajazaliwa yana thamani. Miezi miwili tu nyuma, tarehe 5 Juni, meya wa jiji hilohilo, Muriel Bowser, alikuwa ameamuru maneno "Black Lives Matter" (maisha ya watu weusi yana thamani) yapakwe kwa herufi za manjano zilizojaza upana wa Barabara ya 16, inayoelekea Ikulu. Waandamanaji wakaongeza yao kando, wakidai polisi wapunguziwe bajeti. Hawakuwa na kibali, na malalamiko yaliyofika mahakamani yanasema jiji halikuwagusa.

Miaka mitano baadaye upepo uligeuka. Huko Orlando, Florida, kulikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu chenye rangi za upinde wa mvua karibu na iliyokuwa klabu ya mashoga ya Pulse, ambako watu 49 waliuawa mwaka 2016. Usiku mmoja wa Agosti 2025 idara ya uchukuzi ya jimbo ilikifunika kwa rangi ya kawaida. Wakazi wakarudi na chaki kukirudishia rangi zake, idara ikafuta, wakarudi tena, na baadhi yao wakatiwa mbaroni.

Washington waliokamatwa ni wahafidhina, na wenye mji ni Democratic. Orlando waliokamatwa wanatetea mashoga, na wenye jimbo ni Republican. Mkononi, wote walikuwa na chaki. Ndiyo maana naona ubishi mwingi juu ya maandishi ya barabarani unapita pembeni ya jambo lenyewe. Kila upande unapima uhalali wa maandishi kwa kuangalia yanasema nini. Vya kupimwa ni vingine: yameandikwa kwa kutumia nini, yameandikwa wapi, na aliyeshika brashi ni nani.

Wanaotaka barabara ibaki bila maneno wana hoja nzito, hasa kuhusu rangi juu ya lami. Mstari wa barabarani una upana wa sentimita 10 au 15, na tairi huuvuka kwa kufumba na kufumbua. Herufi kubwa iliyojazwa rangi ni kitu kingine: tairi la pikipiki linaweza kukaa lote juu ya rangi wakati dereva anafunga breki. Lami hushika tairi kwa sababu ina kokoto na matundu. Rangi nene huyaziba, na mvua ikinyesha uso unateleza. Mafundi wa alama za barabarani huchanganya mchanga mgumu kwenye rangi, kisha hunyunyiza chembe za kioo juu yake ikiwa bado mbichi ili taa za gari zirudishe mwanga. Anayekuja saa nane za usiku na ndoo za rangi ya ukutani hana mchanga wala chembe. Na kama lami ina unyevu wa umande, rangi yake haitashika vizuri. Itaanza kubanduka pale magurudumu yanapopita, sentensi ibaki na mianya katikati.

Kuna pia suala la kusomeka. Dereva anaitazama barabara kutoka kimo cha mita moja na kidogo, hivyo herufi zinazomlenga yeye hurefushwa mno, mita 1.8 au zaidi, ndipo zionekane za kawaida. Mwongozo wa alama wa Marekani unataka maneno yasizidi mistari mitatu, na neno la kwanza liwe karibu zaidi na dereva, kwa kuwa ndilo analolifikia kwanza. Kauli ya maandamano hupangwa kama ukurasa, kutoka juu kwenda chini, maana inaandikwa kwa ajili ya kamera iliyo juu ya ghorofa. Mwezi Februari 2021 wapinga mapinduzi wa Myanmar waliandika barabarani kwamba wanataka demokrasia, na maneno yakasomeka kwenye picha za setilaiti. Waliokusudiwa walikuwa dunia nzima. Dereva hakuwamo kwenye hesabu.

Watetezi wa rangi hujibu kwa takwimu moja ambayo imekuwa kama wimbo. Utafiti wa mwaka 2022 uliofadhiliwa na shirika la hisani la Bloomberg Philanthropies ulikuta kwamba mahali palipochorwa sanaa ya lami, yaani michoro ya rangi barabarani, ajali zinazohusisha waenda kwa miguu na watumiaji wengine wasio na kinga zilipungua kwa asilimia 50. Nusu nzima. Namba hiyo inatamanisha, na imetajwa sana Florida. Lakini tuifungue tuone ndani. Maeneo yaliyopimwa yalikuwa 17, idadi ambayo makutano mawili matatu yenye bahati yanaweza kuivuta. Ajali za aina hiyo kwenye makutano mamoja kwa mwaka ni chache, kwa hiyo kushuka kutoka nne hadi mbili tayari ni nusu. Tena miradi ya namna hii mara nyingi huenda pamoja na kubana njia za magari au kupanua kona ya wapita njia, na hayo peke yake hupunguza mwendo. Na lililo kubwa kuliko yote: utafiti ulihusu michoro. Mchoro hauna cha kusomwa, neno linaita jicho lilisome. Anayetumia asilimia 50 kutetea kauli ya kisiasa katikati ya barabara anaazima ushahidi wa jambo lingine. Ila nayo idara inayofunika kivuko cha rangi kwa jina la usalama lazima ionyeshe ajali zilizotokea pale. Kusema tu neno usalama hakutoshi.

Kwa hiyo kuhusu rangi juu ya lami, nakubaliana na wenye tahadhari. Ninapoachana nao ni pale wanapoichukua hoja hiyo nzima nzima na kuipandisha kwenye njia ya miguu, wakamhukumu nayo mwenye chaki.

Chaki ya kawaida ni jasi au chokaa iliyosagwa na kugandishwa kuwa kijiti, ikitiwa rangi kidogo. Ukiipitisha juu ya zege haizami. Inakwaruzwa na vilele vya chembe za mchanga na kuacha unga juu yake, na mabonde yaliyo katikati hubaki wazi. Ndiyo sababu mstari wa chaki ukitazamwa kwa karibu ni nukta tupu. Unga huo hauna gundi. Viatu vinauondoa, upepo unaupeperusha, na mvua moja ya nguvu humaliza kazi. Anayetaka kuufuta mapema aanze na ufagio mkavu, kisha maji ya kawaida. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumwaga maji kwanza na kusugua: unga unakuwa uji, unasukumwa ndani ya matundu, na chaki nyekundu au ya buluu inaacha doa la wiki kadhaa. Kosa la pili ni kuleta mashine ya maji ya shinikizo kubwa. Hiyo hula saruji ya juu na kuacha zege jeupe lenye umbo lilelile la herufi, na sasa maneno yaliyokuwa ya siku tatu yamechongwa na mfutaji mwenyewe. Uharibifu wa namna hiyo ukitajwa mahakamani, ni haki kuuliza umeletwa na nani.

Mwaka 2013 huko San Diego mtu mmoja alishtakiwa kwa makosa 13 kwa kuandika kwa chaki kauli za kupinga mabenki. Kifungo kingeweza kufika miaka 13. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia kwa makosa yote. Uwiano kati ya unga ule na miaka ile bado unanisumbua.

Sheria ya Washington ya kulinda mali ya umma yenyewe si mbaya. Mahakama ya rufani ya Washington iliikubali mwaka 2011, ilipokataa ombi la mhubiri aliyetaka kuchora kwa chaki mbele ya Ikulu. Lakini Agosti 2023 mahakama hiyohiyo ilisema kesi ya kliniki iendelee, kwa sababu sheria ya kulinda mali ya umma haiwezi kuwashukia watu wa ujumbe mmoja na kuwaacha wa ujumbe mwingine. Hapo ndipo maandishi ya meya yalipoleta taabu, pamoja na nia njema iliyokuwa nyuma yake. Jiji likijichorea lenyewe, hiyo ni kauli ya serikali, na serikali ina haki ya kusema inachotaka. Ila waliokuja baadaye na makopo yao walipoachwa kwa kuwa wanaimba wimbo uleule, uzio ulikuwa umeshaanguka.

Na kauli ya serikali huishi kadiri serikali inavyoweza kuilinda. Machi 2025, baada ya mbunge Andrew Clyde kuwasilisha mswada wa kuinyima Washington fedha za uchukuzi isipoyafuta maneno hayo, mafundi wa jiji lenyewe walifika Barabara ya 16 na mashine za kuvunjia lami, wakaing'oa.

Wasiwasi wa mwisho ni wa kweli: ukiruhusu chaki, utaruhusu na matusi na chuki. Ndiyo, na yatafutika kwa ufagio uleule. Kinachowezekana ni kanuni isiyosoma maneno: chaki ya kijiti tu, kwenye njia ya miguu tu, isiguse kivuko wala vigae vya mguso, kwa kuwa wasioona na wenye uoni hafifu hutegemea mistari na matuta hayo kujua barabara inaanzia wapi. Milango ya kuingilia isizibwe, na jiji liwe huru kufagia baada ya saa 48, maandishi yote bila kuchagua. Chennai, India, Desemba 2019, waandamanaji waliopinga sheria mpya ya uraia walichora kolamu barabarani, mapambo ya unga ambayo kwa desturi huchorwa asubuhi mbele ya nyumba na kuisha siku hiyohiyo. Polisi wakawashikilia kwa muda. Kanuni kama hii ingewabana kuhusu mahali na kuhusu unga, si kuhusu ujumbe.

Linalobaki gumu ni chaki ya kupuliza. Inauzwa kwenye kopo kwa jina la chaki, lakini ina gundi kidogo inayoshikilia unga, na juu ya zege lenye matundu inaweza kuvumilia mvua kadhaa. Mwandamanaji huinunua akiamini itaondoka yenyewe, kisha anajikuta anajibu shtaka la rangi. Mimi ningeihesabu kuwa rangi, na kanuni iitaje kwa jina.